Milango ya Shaba ya Papa Teofilo

Nilimnyoa Papa Teofilo kwa miaka kumi na mmoja, kila asubuhi isipokuwa Ijumaa Kuu, na sikumbuki hata siku moja aliyoamka hana uchovu. Watu wa Roma walikuwa na maneno yao juu yake. Wapo waliosema anapenda picha kuliko sala, wapo waliosema ni mvivu. Mimi niliyeushika uso wake kwa vidole vyangu nasema alikuwa mtu aliyechoka, basi. Nyama za chini ya macho zilimning'inia, na nilipokuwa nikimpitishia wembe shingoni, mara nyingi usingizi ulimchukua hapo hapo, kichwa chote kikanilemea mkononi. Nilikuwa nasimama hivyo hivyo, wembe juu, nikingoja ashtuke mwenyewe.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gaspare Torelani, mtoto wa mtengeneza ngozi wa Todi. Utotoni alitaka kuwa mchongaji. Baba yake alimkuta nyuma ya nyumba anafinyanga vichwa vya watu kwa udongo, akamchapa, akampeleka kwa mapadri. Akawa padri, akawa askofu, akawa kardinali, na kila cheo alikipata kwa sababu aliyekuwa nacho amekufa au amegombana na mkubwa fulani. Makardinali walipojifungia kumchagua Papa mpya walibishana siku arobaini na moja. Joto la Agosti likawazidi, wawili wakashikwa na homa, mmoja akaanza kuongea peke yake.

"Unajua walinichagulia nini, Menico?" aliniambia siku moja, povu la sabuni mashavuni. "Walitaka kwenda kwao wakaoge."

Ndivyo alivyokabidhiwa Kanisa, na pamoja na Kanisa mji, ngome, askari, mashamba, na foleni ya watu wenye shida iliyoanzia mlangoni mwake na kuishia ng'ambo ya mto. Aliwasikiliza wote. Mabalozi walimsomea hotuba za saa mbili kwa Kilatini kibovu naye akatikisa kichwa. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havivuliki.

Kitu kimoja tu kilimwamsha. Akiambiwa kuna mchoraji amefika kutoka Umbria, au kwaya imejifunza wimbo mpya, au wachimba kisima wamefukua sanamu ya kale isiyo na pua, alisimama kama kijana. Aliwaita wachoraji wakapamba dari za vyumba vyake. Alileta waimbaji, akajenga maktaba yenye madirisha marefu. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa milango ya kanisa kuu, milango miwili ya shaba yenye picha kumi za kuchongwa, na aliyepewa kazi hiyo alikuwa Ilario Bencini.

Ilario alikuwa mtu wa Siena, pande la mtu, mwenye nyusi zilizoungua hata hazikuota tena, na sikio la kushoto lilikuwa limekufa kwa makelele ya nyundo. Alimfahamu Papa tangu akiwa padri mdogo huko Siena. Basi miaka yote alimwita "Padri", kana kwamba habari za uchaguzi hazijamfikia. Makardinali walichukia. Papa mwenyewe sikumwona akifurahia cheo chochote kama alivyofurahia hicho.

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana tulivuka mto kwa machela iliyofunikwa, mimi na walinzi wawili, mpaka karakana ya Ilario karibu na lango la mji. Yalikuwa mazizi ya zamani, na harufu ya farasi haikuwahi kutoka. Pale Papa alivua joho lake jeupe, akanipa mimi nilishike, akajifunga aproni ya ngozi na kukaa kwenye kigoda. Saa mbili nzima hakupiga mwayo.

Kazi ile ni ndefu. Kwanza picha hutengenezwa kwa nta, mpaka kucha za watu na mikunjo ya nguo. Kisha nta hufunikwa kwa udongo mzito, udongo ukachomwa, nta ikayeyuka na kutoka, na mahali nta ilipokuwa humiminwa shaba ya moto. Udongo ukiwa na ufa mdogo tu, miezi sita imepotea. Picha ya kwanza ilipasuka mara mbili. Ilario alikaa chini akalia, kisha akanywa mvinyo, kisha akaanza upya.

Papa aliomba naye apewe nta kidogo.

"Ya nini?" akauliza Ilario.

"Nijaribu mkono. Mkono tu, wa mmoja wa wale mitume."

Ilario akampa. Wiki tatu Papa alihangaika na mkono ule. Alipomwonyesha, Ilario aliugeuza huku na huku, akausogeza kwenye mwanga.

"Padri, huyu mtume kaumwa na nyuki?"

"Kwa nini?"

"Hivi ni vidole hivi? Hizi ni soseji. Ukivipika watu watakula."

Mlinzi mmoja alijikohoza ili asicheke. Papa alicheka mpaka akashika mbavu, akaufinya mkono ule ukawa donge, akaanza tena. Alianza tena kwa miaka mitatu. Hatimaye alitengeneza mbwa. Katika picha ya Tobia akisafiri na malaika, kwenye kona ya chini, palihitajika mbwa anayewafuata, na Papa alimfinyanga mbwa mdogo, mwembamba, sikio moja limesimama na moja limelala, ulimi nje kwa uchovu wa njia. Akamweka mezani, akangoja kutukanwa. Ilario alimtazama muda mrefu.  Alichukua kisu chenye moto, akambandika mbwa yule mahali pake kwenye picha, akaendelea na kazi yake.

Tuliporudi ng'ambo, ndani ya machela, Papa alikuwa anatokwa na machozi. Nilijifanya natazama nje.

Milango ilitundikwa mwezi Mei, mwaka wa tisa wa utawala wake. Mji wote ulikuja. Ilario alikuwa ametumia nyuso za watu wa mitaani, hivyo watu hawakupiga magoti kwanza, walitafutana.

"Jamani, huyu si Nunziata wa samaki?"

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, kabeba kikapu cha mikate kwenye muujiza wa Bwana!"

"Nunziata, njoo ujione! Kumbe wewe mtakatifu na samaki wako wanaonuka!"

"Wananuka kwenu!" akajibu Nunziata, lakini alikuwa anang'aa, na alikaa pale mlangoni siku nzima, samaki wake wakaharibika. Papa alisimama ndani, nyuma ya pazia, akasikiliza. Kesho yake nilipomnyoa alikuwa macho. Akaniambia alilala usiku kucha, nami nikamwamini.

Milango ilidumu miezi mitano.

Oktoba, Mkuu wa Valcorvo alishuka kutoka kaskazini na askari wa kukodiwa elfu kumi na mbili, akisema Papa amemnyima ngome iliyokuwa ya babu yake. Miji miwili ikamfungulia malango bila kupigana. Kuta za Roma zilikuwepo, lakini mizinga ilikuwa imechukuliwa katika vita vya Papa aliyetangulia na haikurudi. Barabara zikafungwa. Shaba haikuweza kuingia mjini hata kipande.

Aliyesimamia ulinzi alikuwa Kardinali Prospero Gandini. Simsemi vibaya. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kifua kibovu, na siku zile alilala juu ya kuta pamoja na askari. Alituma watu kukusanya kengele za makanisa madogo. Hazikutosha. Akatuma watu nyumba kwa nyumba kuchukua sufuria, vinara, vyungu vya shaba vilivyotoka kwa bibi na bibi wa bibi. Shemeji yangu alikuja kunililia kwamba wamechukua sufuria aliyopewa siku ya harusi. Ningemwambia nini? Nilimwambia apikie chungu cha udongo.

Asubuhi moja Gandini aliingia nikiwa katikati ya kunyoa. Hakungoja.

"Baba Mtakatifu, bado tunapungukiwa."

"Kiasi gani?"

"Tunahitaji mizinga minne upande wa kaskazini. Nina shaba ya mmoja."

Papa alifumba macho. Niliusimamisha wembe.

"Mwadhama," alisema, "sema unachotaka kusema."

"Mimi sisemi. Baba Mtakatifu anajua ilipo shaba nyingine."

"Niache nimalize kunyolewa."

Gandini akatoka. Nilimaliza, nikamfuta uso. Siku mbili zilipita bila uamuzi. Hakula. Aliletewa mchuzi wa dengu, akauchungulia, akaurudisha.

Siku ya tatu alikwenda kanisani kuongoza sala ya kuomba amani. Watu walisongamana pande zote mbili za njia, na hakuna aliyemshangilia. Karibu na ngazi, mwanamke mmoja akapenya kati ya walinzi. Alikuwa Nunziata.

"Baba Mtakatifu! Umechukua sufuria yangu!"

Mlinzi akamshika mkono. Papa akamwambia amwachie.

"Ni kweli, mama. Wameichukua."

"Na ya dada yangu. Na kengele ya parokia yetu. Sasa hiyo milango yako je?" Akanyoosha kidole. "Mimi mwenyewe nipo pale, watu wananiona. Nitoe! Niyeyushe! Nina watoto watano, Valcorvo akiingia hapa atafanya nao nini? Atasimama kutazama sanamu?"

 Papa alisimama, mkono umeshika fimbo yake.

"Umesema kweli," akamjibu. Kisha akapanda ngazi, akapita katikati ya milango ile bila kuitazama.

Alikwenda kumwambia Ilario yeye mwenyewe, mchana ule ule. Haikuwa Alhamisi, na Ilario alipoona machela alijua. Alikuwa anakula mkate na vitunguu. Hakuinuka.

"Padri, usiniambie."

"Lazima nikwambie."

"Sisikii. Sikio hili limekufa."

Papa akazunguka, akakaa upande wa sikio zima. "Ilario. Tunaishusha kesho."

Ilario aliendelea kutafuna, akitafuna tu bila kumeza. "Miaka tisa," akasema.

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa unakuja Alhamisi."

Lile neno lilimwingia Papa, nililiona likimwingia. Kisha akasema, "Kuna jingine baya zaidi. Hakuna mtu Roma anayejua kusubu shaba iwe kitu kikubwa namna hiyo isipokuwa wewe."

"Unataka niyeyushe kazi yangu, kisha niitengeneze mizinga, mimi?"

"Mtu mwingine akiimimina vibaya mizinga itapasuka na kuua vijana wetu. Tutakuwa tumepoteza vyote viwili."

Ilario alitupa mkate kwenye majivu. Alimtukana Papa matusi ambayo sitayarudia, na walinzi wakanitazama mimi wasijue la kufanya. Papa aliyapokea yote, mikono magotini. Yalipokwisha, akangoja.

"Asubuhi," Ilario akasema. "Nileteeni ng'ombe na watu thelathini. Na asije kardinali yeyote mbele ya macho yangu."

Walivunja milango uwanjani, kwa sababu haikuweza kubebwa mizima. Papa alikuja akasimama karibu, kwa miguu yake, ingawa Gandini alimsihi abaki ndani. Nyundo zilipoifikia picha ya Tobia, Ilario aliinua mkono, watu wakasimama. Alichukua patasi, akainama kwenye ile kona ya chini.

"Padri, njoo."

Papa akasogea.

"Huyu hana uzito. Ni ratili nne, hazifiki tano. Nampiga hapa na hapa, anatoka mzima. Hakuna mzinga utakaokosa ratili nne."

Nilikuwa nyuma yao hatua mbili, na niliuona uso wa Papa. Nimeuona uso ule kila siku kwa miaka kumi na mmoja, na siku ile ndiyo siku pekee nilipoona tamaa ndani yake, tamaa ya wazi kama ya mtu mwenye njaa. Aliinama akamgusa mbwa yule sikio, lile lililolala.

"Nunziata amepata sufuria yake?" akauliza.

Ilario akainamisha macho.

"Basi mpige pamoja na wengine."

"Padri, ni mbwa tu."

"Ilario, tafadhali. Usiniongezee."

Ilario akaweka patasi chini, akachukua nyundo kubwa kutoka kwa mtu aliyekuwa kando yake, akapiga mwenyewe.

Mizinga minne ilimiminwa katika siku kumi na nane. Ilario hakulala, hakuzungumza na mtu. Ilitoka safi, bila ufa, na Gandini akaipandisha ukutani. Ilikaa pale ikitazama kaskazini, na mvua za Novemba zikainyeshea. Valcorvo alikuwa amepiga kambi kwenye vinamasi, siku mbili kutoka mjini. Homa ikaingia kambini. Ilianza na wapishi, ikaenda kwa askari, ikampata Mkuu mwenyewe. Wiki ya tatu wakageuza, wakaondoka na wagonjwa wao kwenye mikokoteni. Hatukufyatua hata risasi moja.

Mji ulishangilia siku mbili. Watu waliwasha moto viwanjani, wakacheza. Papa alilala kitandani akitazama ukuta, na nilipoingia na beseni akasema, "Leo usininyoe, Menico. Niache nifanane na ninavyojisikia." Nilituma mtu karakanani kumwita Ilario. Akarudi akasema mazizi ni matupu, mlango umefungwa kwa kamba. Ilario alikuwa amekwenda kwao Siena bila kuaga.

Miaka miwili iliyofuata Papa alitawala vizuri kuliko wakati wowote, na hilo ndilo lililonisikitisha. Aliamka mapema, alisaini alivyoletewa, alisuluhisha ugomvi wa wana wawili wa Mkuu wa Valcorvo baada ya baba yao kufa, alifungua barabara, nafaka ikaingia. Watu wakaanza kumpenda. Wanawake walimbariki njiani, Nunziata akiwa wa kwanza. Lakini wachoraji walipomletea michoro aliitazama kwa adabu kama anavyotazama mtu picha za watoto wa mwenzake, akasema ni nzuri, akairudisha. Kwaya ikiimba alisinzia.

Kiangazi cha mwisho moyo wake ulianza kushindwa. Maji yakamjaa miguuni, akawa analala ameketi. Asubuhi moja akanishika kiganja chenye wembe.

"Mwandikie Ilario. Usiseme naumwa. Sema tu nauliza hali."

Niliandika kwamba anaumwa. Ilario alifika baada ya siku kumi na moja, juu ya nyumbu, amekonda, ndevu nyeupe hadi kifuani. Gandini aliyekuwa mlangoni alimpisha. Niliweka kiti upande wa sikio zima.

"Padri, umezeeka," Ilario alisema.

"Na wewe unanuka nyumbu."

Wakakaa. Joto lilikuwa kali, nikawa nawapepea wote wawili. Baada ya muda Papa akasema, "Nimewauliza kuhusu ile mizinga. Nilitaka irudi, iyeyushwe, tuanze upya. Wanasema miwili imepelekwa ngome ya baharini na miwili haiwezi kuondolewa ukutani. Mimi ndiye Papa, Ilario, na siwezi kushusha mizinga miwili ukutani."

"Hata ungeishusha."

"Usingefanya?"

Ilario aliitazama mikono yake.  "Sina tena milango ndani yangu, Padri. Siku hizi nasubu kengele za mbuzi. Watu wa vijijini wanazipenda. Zina sauti nzuri."

"Umenichukia muda gani?"

"Mwaka mzima. Kisha nikachoka."

"Mimi pia," Papa akasema, "nilijichukia mwaka mzima."

"Basi ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo."

Ilario alibaki siku sita. Hawakuzungumza sana. Alimlisha kijiko kwa kijiko uji wa shayiri, na Papa akikataa alimkaripia kama mtoto, na watumishi wa chumbani waliziba midomo kwa mshangao. Siku ya tano Papa alipokea mpako wa wagonjwa. Siku ya sita, muda mfupi baada ya sala ya mchana, alimwomba Ilario amwinue kidogo apate hewa. Ilario akaupitisha mkono wake mgongoni mwake, akamwinua, akamshikilia. Alikaa hivyo muda mrefu kabla ya kuniambia kwa sauti ya chini, "Menico, amekwisha."

Nilimnyoa kwa mara ya mwisho. Uso ulikuwa mwepesi, haukunilemea.

Mazishi yalichukua siku tisa. Papa mpya alikuwa mtu wa sheria, akaagiza milango ya mbao ya mti wa mwaloni ambayo ipo mpaka leo, imara, haina lolote. Gandini alimwendea Ilario na kumwomba atengeneze sanamu ya marehemu juu ya kaburi. Ilario alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ana mbuzi wanaomngoja.

Nilimsindikiza mpaka lango la kaskazini. Jua lilikuwa limeanza kuwaka, vumbi jeupe limetanda njiani. Tulinunua tikiti maji kwa mama mmoja kando ya ukuta, tukala tumesimama, maji yakituchuruzika ndevuni. Alipanda nyumbu wake kwa shida, akashika hatamu.

"Utafanya nini sasa, kinyozi?"

"Nitafungua duka mtaani kwetu. Nitanyoa wachinjaji."

"Vizuri," akasema. "Wao hawasinzii."

Akaondoka. Nilimtazama mpaka vumbi lilipomfunika, kisha nikarudi nyumbani, nikavua viatu, nikalala hata jioni ya siku ya pili.